Asubuhi boti ya kukodi Foxton, alasiri karakanani: nikague nini kwenye boti nyembamba inayojengwa?

Binti_Pangani

Wadau wa mifereji, shikamooni wakubwa, na salaam kwa wengine wote.

Jumamosi ijayo tuko sita, wakubwa wanne na watoto wawili wa miaka 6 na 9. Saa tatu asubuhi tunachukua boti ya kukodi ya siku moja pale Foxton, Leicestershire, chini ya zile loki kumi (vyumba vya maji vyenye malango, vya kupandisha na kushusha boti). Nia ni kwenda Market Harborough na kurudi. Saa tisa alasiri tunatakiwa karakanani, mwendo wa dakika arobaini kwa gari, ambako boti yetu wenyewe inajengwa. Ni boti nyembamba ya futi 57, chuma cha 10/6/5/4. Ganda limekamilika. Povu la kuzuia baridi limepigwa darini na kwenye nusu ya kuta, farumi (uzito wa kutuliza boti) imeanza kupangwa, matundu ya madirisha yamekatwa, injini imeshuka mahali pake. Mjenzi anasema wiki inayofuata wanafunika sakafu.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Ratiba hii inawezekana? Hakuna kati yetu aliyewahi kushika kana (mti wa usukani), tujue nini kabla ya kung'oa vigingi vya kufungia boti? Na karakanani nitazame nini hasa, maana nikiona chuma na povu kwangu vyote ni sawa.

---

Pondo_Refu

Dada, naanza na saa, maana hizo ndizo zitakazokuvuruga.

Kutoka Foxton hadi bandari ndogo ya Union Wharf, Market Harborough, ni maili 5 na nusu. Mwisho wa mwendo unaoruhusiwa mferejini ni maili 4 kwa saa, lakini hutaukaa huo, kwa sababu kila penye boti iliyofungwa unashusha injini hadi mlio wa chini kabisa. Hesabu maili 3 kwa saa, pungufu kidogo. Hiyo ni saa mbili kwenda na mbili kurudi. Ongeza nusu saa ya maelekezo ya mwenye boti, daraja la kuzungusha karibu na kijiji cha Foxton mara mbili, kugeuza, na watoto kula. Ili uwe karakanani saa tisa lazima uwe umekabidhi boti saa nane. Haitoshi. Ama uhamishe karakana siku nyingine, ama ugeuze njiani.

Na kugeuza njiani si popote. Boti ikiwa ndefu kuliko upana wa mfereji itakwama omo (mbele) huku na tezi (nyuma) kule kama mfupa kooni. Kuna sehemu zilizochimbwa kwa kazi hiyo, ukingo mmoja umepanuliwa kwa umbo la pembetatu. Mwambie mwenye boti akuwekee alama kwenye ramani ni ipi inayoitosha boti yake, na iko kati ya daraja namba ngapi na namba ngapi. Kila daraja lina namba yake kwenye kibao; ndizo anwani zenu siku hiyo, hata mkihitaji kuita msaada. Ukifika, ingiza omo taratibu ndani ya ile pembe, kana hadi mwisho, kisha gesi fupi fupi za mbele. Tezi itazunguka yenyewe. Omo inaweza kugusa tope bila neno, ila tezi ibaki kwenye kina, maana rafadha (panga linalosukuma boti) na usukani viko huko. Upepo ukiwa mkali, uache ukusaidie kuzungusha. Ukishindana nao utashindwa.

Sasa kana. Ukiisukuma kushoto, omo inaenda kulia. Hilo watu hulizoea ndani ya dakika kumi. Linalowasumbua ni jingine: boti haifuati omo kama gari linavyofuata magurudumu ya mbele, bali inazunguka kwenye kiuno chake. Omo ikienda kulia, tezi inatupwa kushoto, na hiyo tezi ndiyo inayogonga boti ya watu iliyofungwa. Halafu kuna kuchelewa. Sukuma kidogo, subiri, na urudishe kana katikati kabla omo haijafika unapotaka. Anayesubiri boti iitikie ndipo arudishe atakwenda zigizaga mchana kutwa. Ukiwa kinyumenyume usukani haufanyi kazi karibu kabisa. Kama omo imepotea, weka gia ya mbele, piga gesi fupi kunyoosha, kisha rudi tena nyuma.

Kaa katikati ya mfereji, kwa sababu kina kiko hapo na kingo zina tope na mawe. Mkikutana na boti nyingine mnapishana kushoto kwa kushoto, yaani kila mmoja anakwenda kulia kwake. Wageni huogopa na kukimbilia ukingoni mapema mno, wakapwelewa, yaani wakakwama kwenye kina kifupi. Shikilia katikati hadi mkaribiane kiasi cha urefu wa boti mbili, jisogeze kulia kidogo tu, na omo zikishapita rudi taratibu. Maji kati yenu yatazivuta boti zikaribiane. Ni kawaida, usikaze injini.

Kipimo cha kasi kiko nyuma yako. Geuka utazame ukingo. Ukiona wimbi linavunjika, au maji yananyonywa kutoka ukingoni hata kabla hujapita, umezidisha. Mfereji ni mfinyu na kina chake ni kifupi, kwa hiyo ukikaza injini maji yanakosa njia ya kupita chini, tezi inazama, na boti haiongezi mwendo wowote. Unachoma dizeli na kung'oa vigingi vya wenzako.

Mkipwelewa, usisukume mbele. Rudi nyuma polepole ulikotoka, watu wahamie upande wenye kina ili ubavu uliokwama unyanyuke, na mmoja asukume kwa pondo (mti mrefu) kutoka omoni. Pondo lisukumwe likiwa pembeni ya mwili. Likikaa mbele ya kifua na boti ikashtuka, litamtupa mtu majini.

Rafadha ikinasa plastiki au kamba utajua: moshi mweusi, injini inalemewa, kana inatetemeka, maji ya nyuma yanachafuka lakini boti haiendi. Jaribu kurudi nyuma kidogo, mara nyingine hujifungua. Isipojifungua, zima injini, toa ufunguo, uutie mfukoni mwako. Kwenye boti ya kukodi mpigie mwenye boti kwanza kama hakukuonyesha namna ya kufungua kifuniko cha shimo la rafadha. Ukikifungua wewe, ukirudishe kwenye gasketi yake na kukibana hadi mwisho kabla injini haijawashwa tena, kisha utazame kama maji yanaingia. Kifuniko kilichorudishwa ovyo kinazamisha boti nzima, kwa sababu rafadha inayatupa maji juu moja kwa moja kupitia lile tundu.

Watoto: jaketi za kuokolea muda wote, hata mkiwa mmefunga kamba. Mikono na miguu ndani. Asikae mtu juu ya paa, madaraja ya matofali ni ya chini na yamepinda. Na jambo ninalolisisitiza kuliko yote: boti hii ina uzito wa tani nyingi, kwa hiyo mtu asiweke mguu wala mkono kati yake na ukuta ili kuizuia. Iache igonge. Ina chuma pembeni kwa ajili hiyo. Mtu akianguka, nyutro papo hapo na usirudi nyuma kumfuata. Sehemu nyingi za mfereji mtu mzima anasimama, hatari iko kwenye rafadha. Wenye vidonda wafunike kwa plasta, na mikono ioshwe kabla ya kula, maana mkojo wa panya mferejini huleta ugonjwa wa leptospirosi.

Daraja la kuzungusha: shusha watu wawili kwenye kituo cha kabla ya daraja, boti isubiri mbali, wafungue, upite, wafunge na kuhakikisha limejifunga. Uliza asubuhi kama ufunguo wake uko ndani ya boti. Watu husahau hilo na kurudi kwa miguu.

---

Fundi_Bamba

Naongezea la karakana. Mjenzi amekwambia sakafu inafunikwa wiki ijayo. Basi hiyo ndiyo ziara yako ya maana kuliko zote. Jikoni, vitanda na vigae utaviona miaka yote. Ngama, yaani tumbo la boti chini ya sakafu, hutaiona tena ila kwa kitundu. Wa pwani wanasema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kwenye boti ya chuma ni hivyo hasa: maji yoyote, ya mvua, ya bomba linalovuja, ya jasho la madirisha, mwisho wake ni ngamani, na boti nyingi huanza kuoza kwa ndani huku mwenyewe anahangaika na rangi ya nje.

Chukua tochi yenye mwanga mkali, futi ya chuma, chaki, kinga za magoti na viatu vigumu. Watoto wasiingie kama kuna anayechomelea.

Namba 10/6/5/4 ni unene kwa milimita: bamba la chini 10, ubavu 6, kuta za kibanda 5, paa 4. Bamba la chini linatakiwa litokeze nje ya ubavu kidogo, kama sentimita mbili. Mdomo huo ni wa kusagika badala ya mshono. Mshono unaounganisha ubavu na bamba la chini lazima uwe mfululizo, nje na ndani, bila kukatika. Pitisha tochi pembeni, si juu yake moja kwa moja, ndipo vishimo na sehemu zilizoliwa na moto zinaonekana kwa kivuli. Usishtuke ukiona mataruma (mbavu za boti) ya ndani yamechomelewa kipande, nafasi, kipande. Hayo ndivyo yanavyofanywa, yakichomelewa mfululizo bamba linajikunja. Simama omoni, weka jicho usawa wa ubavu utazame hadi tezini. Mawimbi madogo ni ya kawaida, ila bonde kubwa kati ya taruma na taruma linaonyesha moto mwingi na haraka.

Tezi itazame ikiwa bado nchi kavu. Kule nyuma chini ya maji ganda linachongoka kuelekea rafadha. Mchongoko ukiwa mrefu na mwembamba, rafadha inapata maji safi na kana inakuwa nyepesi. Ukiwa mfupi na butu, maji yanavurugika, boti inakuwa nzito kugeuka na kelele nyingi. Hapa ndipo asubuhi yako mferejini inakufaa: ukiwa kwenye boti ya kukodi shika kana kwa vidole viwili, usikie kama inatulia au inakupiga mkono. Ukifika karakanani utakuwa na cha kulinganisha.

Ubavuni mwa huo mchongoko kuna tangi bapa la kupozea injini. Maji ya injini hayatoki nje. Yanazunguka ndani ya tangi hilo na joto linapotea kupitia bamba kwenda mferejini. Kipimo wanachotumia wajenzi ni futi moja ya mraba kwa kila nguvu-farasi 4. Injini ya nguvu-farasi 40 inataka futi 10 za mraba, karibu mita moja ya mraba. Pima urefu na upana mwenyewe. Likiwa dogo hutajua ukiwa mferejini, kwa sababu huko injini inatembea kwa uvivu. Utajua siku ya kwanza mtoni unapopanda mkondo na joto likaanza kukwea. Uliza kama ndani yake kuna vigawanyo vya kulazimisha maji yazunguke, na utafute skrubu ya kutolea hewa juu kabisa. Hewa ikibaki ndani, nusu ya tangi haifanyi kazi.

Farumi. Kwa kawaida ni matofali magumu, vipande vya saruji au chuma, vinapangwa kati ya mihimili ya sakafu. Makosa ninayoyaona mara kwa mara ni matatu. La kwanza, farumi kulazwa juu ya chuma kitupu: unyevu unanaswa chini yake na kutu inaanza. Inatakiwa bamba lipakwe rangi, na farumi ikae juu ya vipande vya plastiki au karatasi ya lami ili hewa na maji vipite. La pili, kubanwa hadi ubavuni. Iachwe nafasi kila upande na njia ya maji hadi nyuma. Tazama matundu ya chini ya mataruma, mara nyingi povu limeyaziba. Mimina kikombe kimoja cha maji omoni, kwa ruhusa ya fundi, uone kama kinafika nyuma. La tatu, farumi yote kuwekwa sasa na kufungiwa. Jiko la chuma, tangi la maji na betri vitakuja baadaye na boti italala upande. Lazima sehemu ya farumi ibaki inafikika ili ipangwe upya boti ikiwa majini. Tangi la maji la omoni la lita 500 peke yake ni nusu tani, linajaa na kuisha kila wiki, kwa hiyo omo itapanda na kushuka. Ikishuka hadi matundu ya kutolea maji ya sitaha ya mbele yakaribie usawa wa mfereji, maji yatarudi ndani. Na nyuma, lile bamba lililo juu ya rafadha liguse maji. Likikaa juu, rafadha inanyonya hewa.

Dai kitundu cha kukagulia ngama mwisho wa kibanda, mahali pa chini kabisa, chenye mfuniko unaonyanyuka kwa kidole. Ukiambiwa si lazima, simama hapo hapo na usisogee.

---

Binti_Pangani

Asanteni sana, nachapisha hizi zote. Maswali mawili madogo. Mjenzi wetu ametaja kupaka lami ya bitumeni nje, au rangi ya epoksi kama tukilipa zaidi. Kuna tofauti ya kweli? Na nyuma ya matundu ya madirisha ameweka vipande vya karatasi nyeupe za polistirini mahali povu halikufika. Nyaya zimelala juu yake.

---

Fundi_Bamba

Epoksi, kama watapiga mchanga kwanza. Bamba jipya linatoka kiwandani na ganda jeusi gumu. Rangi yoyote ikipakwa juu ya ganda hilo, linapobanduka linaondoka na rangi, na pale palipobanduka kutu inachimba kishimo kirefu badala ya kuenea. Chuma kipigwe mchanga hadi kiwe kijivu kitupu, epoksi ipakwe siku hiyo hiyo kabla hakijashika unyevu, na isiwe siku ya baridi kali kwa sababu haitakauka vizuri. Bitumeni ni sawa na deheni ya majahazi ya kwetu: ni rahisi, inafanya kazi, ila ni kila baada ya miaka miwili au mitatu boti ipandishwe nchi kavu. Uamue sasa. Bitumeni ikishapakwa, huwezi kuweka epoksi juu yake bila kuikwangua yote.

Anodi (vipande vya chuma vinavyoliwa na kutu badala ya ganda) ziwe za magnesi, hayo ni maji baridi. Zisipakwe rangi hata tone. Na kama mtajiunganisha umeme wa bandarini, lazima kuwe na aisoleta ya galvaniki au transfoma ya kutenganisha. Bila hiyo boti yako na za jirani zinaunganika kupitia waya wa ardhi, na chuma chako ndicho kitakacholiwa.

La polistirini namwachia Taa.

---

Taa_ya_Omo

Nyaya hizo ziondolewe. Si suala la ladha. Ganda la PVC la waya likigusa polistirini, kilainishi kilicho ndani ya PVC kinahamia kwenye polistirini. Polistirini inayeyuka na kuwa kama gundi, na waya unabaki mkavu, unapasuka ukikunjwa. Inachukua muda, kwa hiyo haionekani siku ya makabidhiano. Ama povu lipigwe na huko, ama nyaya zipite ndani ya paipu za plastiki. Paipu ni bora hata penye povu: waya uliozikwa kwenye povu haupoi, na siku ukitaka kuongeza taa utabomoa ukuta.

Povu lenyewe lichomwe kwa msumari mwembamba sehemu kumi tofauti upime kina. Milimita 25 ni ya chini kwangu. Mataruma nayo yafunikwe. Taruma lililobaki wazi linakuwa mstari wa baridi, na wakati wa baridi utaona jasho limechora mstari huo huo kwenye mbao zako.

Kosa linalonikera zaidi kwenye boti mpya ni unene wa waya. Umeme wa volti 12 hausamehe umbali. Chukua friji iliyo mita 15 kutoka kwenye betri, inavuta ampea 5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 30 za shaba. Kwa waya wa milimita 2.5 za mraba unapoteza volti moja nzima njiani. Betri ikiwa na 12.2, friji inapata 11.2, na usiku ikishuka zaidi kidogo friji inajizima wakati betri bado ina nguvu. Kwa waya wa milimita 10 za mraba upotevu ni robo ya volti. Uliza ukubwa wa kila waya wa mbele na uandike. Kubadilisha leo ni kazi ya nusu siku. Ukuta ukishafungwa ni kubomoa.

Kama mtaweka betri za lithiamu, uliza mambo mawili. Mahali pake panashuka chini ya sifuri? Hazitakiwi kuchajiwa kwenye baridi hiyo. Na alternata inalindwaje? Lithiamu inavuta kila kinachotolewa, alternata inachemka hadi inaungua ikiwa hakuna chaja ya kati ya kuizuia.

Gesi: sanduku la mitungi kwa kawaida liko omoni. Propani ni nzito kuliko hewa, inazama. Tundu la kutolea liwe chini kabisa ya sanduku, juu ya usawa wa maji tangi likiwa limejaa, na lielekee nje tu. Ingiza mkono usikie kama kuna mwanya wowote wa kwenda ndani ya kibanda, hasa waya wa taa ya mbele unapopenya. Jiko la kuni au makaa: simama palipochorwa, pima umbali hadi mbao za karibu, uulize ukuta wa nyuma utajengwa kwa nini. Mbao iliyofunikwa vigae tu haitoshi, joto linapita kwenye kigae na mbao inakauka ndani kwa ndani hadi siku inashika. Kuwe na nafasi ya hewa nyuma ya kinga. King'ora cha kaboni monoksidi ni cha lazima kwa cheti cha usalama tangu Aprili 2019, na cheti hicho hukaguliwa kila baada ya miaka 4.

Kwa madirisha, kabla hayajafungwa, mwambie fundi akuchoree kwa chaki sakafuni kitanda, jiko na bafu kwa vipimo kamili. Upana wa ndani utakaobaki ni kama mita 1.8 tu. Lala chini kwenye hicho kitanda cha chaki, pita kwenye hicho kichochoro ukiwa na begi. Dirisha likiangukia katikati ya kabati ni bora lijulikane leo.

---

Pondo_Refu

Moja tu kuhusu loki, maana boti yenu ya futi 57 imechaguliwa ili ipite karibu kila mahali, na mtazipita nyingi. Kampuni nyingi za boti za siku haziruhusu kuingia loki, kwa hiyo Foxton msizipite, lakini pandeni kwa miguu mzitazame. Ni kumi, ngazi mbili za tano tano, zilifunguliwa 1814, zinapandisha boti futi 75. Vilango vya kupitishia maji vimepakwa nyekundu na nyeupe. Nyekundu kwanza, nyeupe baadaye. Nyekundu inajaza chumba cha chini kutoka kwenye bwawa la pembeni. Nyeupe inamwaga chumba cha juu kwenye bwawa hilo hilo. Ukianza na nyeupe, bwawa ambalo tayari limejaa linafurika na chumba cha chini kinabaki kitupu. Walinzi wa loki wako pale na wanaeleza vizuri.

Mkiwa hapo mwonyesheni kila mtu mstari mweupe ukutani karibu na malango ya juu. Chini yake kuna kizingiti cha zege au jiwe. Boti ikishuka huku tezi imekalia kizingiti, omo inaendelea kushuka na maji na boti inajaa kwa mbele ndani ya dakika chache. Ikitokea: funga vilango vya chini vyote kwanza, ndipo ufungue vya juu polepole maji yairudishe. Anayeshika hendeli ya kufungulia vilango asiiache ikining'inia kwenye kilango. Kishikio kikiteleza inazunguka na kuvunja mkono.

---

Fundi_Bamba

Na kabla sijasahau la pesa. Boti ina namba ya ganda. Iandikwe kwenye mkataba na kwenye kila stakabadhi, na mkataba useme wazi kwamba kila unacholipia kinakuwa mali yako kikiwa bado karakanani. Karakana ikifilisika na ganda halina jina lako, unapanga foleni na wadai wengine. Piga picha kila ubao wa nyaya, kila bomba na kila kona ya ngama, futi ikiwa imelazwa ndani ya picha.

---

Binti_Pangani

Nimempigia mjenzi. Ameniambia nije Jumatatu saa mbili asubuhi, mafundi wote watakuwepo, na sakafu haitaguswa kabla sijaona. Nyaya za kwenye polistirini amekubali zihamishiwe kwenye paipu. Kuhusu kitundu cha ngama amesema kimo kwenye mchoro, nitakitafuta. Kwa hiyo Jumamosi yote ni ya Market Harborough. Nimeuliza ufunguo wa daraja, unaning'inia karibu na kana.